Una ugonjwa wa kinga kujishambulia na unataka kutoa damu au figo Uganda: mwongozo kamili

Kila mfuko wa damu unaotolewa Uganda hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C na kaswende, kisha hupimwa kundi lake. Hakuna mashine, iwe Nakasero, Gulu au Mbale, inayotafuta lupasi au baridi yabisi, magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, wala kidonge cha methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, ulichomeza Jumapili jioni. Habari hizo unazo wewe peke yako. Usipozisema, zitaingia kwenye mshipa wa mtu mwingine bila yeyote kujua.

Kuna kundi la pili ambalo nalo linaniuma: watu wenye ugonjwa wa tezi ya shingoni uliotulia miaka mingi au mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi, kwenye mikono, ambao hawajawahi hata kuuliza kwa sababu waliambiwa kijijini kwamba "damu yao ni mbaya". Wengi wao wangeweza kutoa. Jina la ugonjwa peke yake halitoi jibu. Jibu linatokana na mambo matatu: kiungo kilichoguswa, dawa unazotumia, na muda ambao ugonjwa umetulia. Nimeuandika mwongozo huu kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Uganda, kuanzia Arua na Bombo hadi Busia, Kisenyi na kambi ya Nakivale, ili ufike kwenye meza ya kutolea damu ukiwa umejiandaa.

Hatua ya kwanza: elewa kinachoogopwa

Magonjwa ya kinga kujishambulia hutokea pale kinga inapokosea na kuushambulia mwili wenyewe. Kwenye lupasi inaweza kugusa ngozi, viungo, figo na chembe za damu. Kwenye baridi yabisi inashambulia maungio. Kwenye kisukari aina ya kwanza inaharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini.

Mhudumu anapokuuliza maswali anakuwa na wasiwasi wa aina nne. Wa kwanza ni wewe mwenyewe. Ukitoa damu unapoteza mililita 450 hivi, na ndani yake miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma. Mwili wenye afya huziba pengo hilo. Mwili wenye uvimbe wa muda mrefu huchelewa, kwa sababu uvimbe huo huzuia chuma kisitumike vizuri hata kikiwepo, na wagonjwa wengi wa lupasi na baridi yabisi tayari wana upungufu wa damu.

Wa pili ni kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza kupigana na vijidudu, zilizokosea njia. Ziko kwenye majimaji ya damu, yaani plazima, na nusu ya kingamwili hizo hubaki zikizunguka baada ya wiki tatu hivi. Kwamba zinaweza kuhama kutoka mtu hadi mtu na kufanya kazi kule zilikohamia, hilo linajulikana vizuri kutoka kwa akina mama: mama mwenye aina fulani ya kingamwili za lupasi anaweza kuzipitisha kwa mtoto tumboni, na moyo wa mtoto ukaanza kupiga polepole kupita kiasi. Mtu mwenye kingamwili zinazoharibu chembe za kugandisha damu, akitoa damu, naye anaweza kumpa mpokeaji zile zile.

Wa tatu ni dawa, na nitazirudia kwa urefu. Wa nne ni maambukizi: prednisoloni na dawa nyingine za kutuliza kinga zinaweza kuficha homa, ukajiona mzima kumbe una vijidudu kwenye damu.

Hatua ya pili: jua uko upande gani

Uamuzi wa mwisho ni wa mhudumu wa benki ya damu siku hiyo, na miongozo ya nchi mbalimbali hutofautiana. Hata hivyo mwelekeo wa jumla unaeleweka.

Wenye nafasi nzuri ya kukubaliwa ni wale ambao ugonjwa umegusa sehemu moja, umetulia, na hawatumii dawa ya kutuliza kinga. Hapa wamo wenye mbalanga, wenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi yenye magamba) ndogo inayopakwa mafuta tu (mradi pale sindano inapoingia ngozi ni safi), na wenye tezi ya shingoni iliyolegea ambao vipimo vyao vimekaa sawa kwa kidonge cha kila siku. Tezi iliyochangamka kupita kiasi kwa sababu ya ugonjwa wa Graves ni habari nyingine. Nchi nyingi humkatalia mtu huyo, hata akijisikia vizuri.

Katikati wapo wenye baridi yabisi na magonjwa ya utumbo yanayotokana na kinga. Ugonjwa ukitulia na dawa ikiwa nyepesi, huenda ukaruhusiwa. Ukiwaka, au ukiwa kwenye dawa kali, utaambiwa usubiri.

Wanaokataliwa karibu kila mahali ni wenye lupasi iliyogusa viungo vya ndani, wenye magonjwa ambayo kinga huharibu chembe nyekundu au chembe za kugandisha damu, na wenye ugonjwa wa misuli kuchoka unaoitwa myasthenia. Wanaojidunga insulini hukubaliwa katika nchi fulani na kukataliwa katika nyingine, kwa hiyo uliza kwa simu au ana kwa ana kabla ya kupoteza nauli ya boda.

Jambo moja ambalo huwatisha watu bure: kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazolenga chembe za mwili wenyewe, kilichotoka "chanya". Watu wengi wazima kabisa wana ANA chanya na hawaugui kamwe. Karatasi ya ANA peke yake haikufanyi mgonjwa wa lupasi. Ichukue uende nayo, daktari aisome pamoja na dalili zako.

Hatua ya tatu: pitia dawa zako moja moja

Kusanya pakiti zote, hata zile zilizoisha, uziweke kwenye mfuko mmoja. Usitegemee kumbukumbu, na usitegemee rangi ya kidonge. Kidonge kimoja kutoka maduka mawili ya dawa kinaweza kuwa na rangi mbili tofauti.

Methotreksati huwakaba wengi. Inafanya kazi kwa kuzuia mwili usitumie asidi ya foliki, na mimba changa inahitaji asidi hiyo kuliko kitu kingine. Hujui damu yako itapewa nani. Anaweza kuwa mama mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu, na Uganda akina mama wa namna hiyo ni wengi. Kwa hiyo ukiwa kwenye methotreksati, usitoe damu. Walioacha kwa amri ya daktari husubiri miezi kadhaa.

Maikofenoleti nayo huharibu mimba, na leflunomaidi hudumu mwilini kwa muda mrefu ajabu: mabaki yake yanaweza kupatikana hata miaka 2 baada ya kidonge cha mwisho. Ukiwahi kuitumia, taja, hata kama ni mwaka juzi.

Azathioprini, saiklofosfamaidi na zile sindano za kisasa zinazozuia sehemu fulani ya kinga zinakuweka nje kwa muda wote wa matibabu na kipindi baada yake. Prednisoloni ya kumeza pia. Krimu ya steroidi kwenye kipande kidogo cha ngozi kwa kawaida haina shida.

Haidroksiklorokwini yenyewe haiogopwi sana. Ni ndugu wa dawa za zamani za malaria. Kinachoangaliwa ni ugonjwa uliokufanya upewe. Aspirini na diklofenaki huzifanya chembe za kugandisha damu zilegee, hivyo mhudumu lazima ajue ulimeza lini ili chembe hizo zisitumike kwa mtu anayevuja damu.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana limewaumiza watu: usiache dawa yako ili uruhusiwe kutoa damu. Ukiikata prednisoloni ghafla baada ya kuitumia kwa wiki nyingi, mwili unaweza kushindwa kujiendesha, shinikizo likashuka ukaanguka. Ukiacha haidroksiklorokwini, lupasi inaweza kuwaka na kurudi kwenye figo. Hata kama aliyelazwa ni mwanao na wodini mnaambiwa mtafute watu wa kutoa damu, wewe unayeishi kwa dawa unaenda kutafuta wengine. Usijipange kwenye foleni kwa kuficha.

Hatua ya nne: zungumza na anayekutibu, upate maandishi

Madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wachache Uganda na wengi wako Kampala. Usingoje hadi umpate bingwa. Daktari au afisa wa kliniki katika kituo cha afya cha ngazi ya nne, anayekuona kila mwezi, anaweza kukuandikia maneno machache ambayo yatasaidia sana: jina la ugonjwa, tarehe ulipogunduliwa, viungo vilivyoguswa, dawa na vipimo vyake, lini ugonjwa uliwaka mara ya mwisho, wingi wa damu wa karibuni, na kama mkojo una protini.

Wengi wetu tunatunza matibabu kwenye daftari la shule. Ni sawa. Mwombe ayaandike kwenye ukurasa mmoja, agonge muhuri, kisha upige picha kwa simu. Daftari hulowa mvua au hupotea kwenye taxi.

Muulize maswali matatu tu: ugonjwa wangu umetulia vya kutosha? Damu yangu inatosha? Kuna dawa ninayotumia inayoweza kumdhuru atakayepokea? Akisita kwenye lolote, ahirisha.

Hatua ya tano: siku ya kutoa damu

Huduma ya damu ya taifa inaendeshwa na Uganda Blood Transfusion Service, makao yake Nakasero, Kampala, na ina benki za kanda Arua, Gulu, Fort Portal, Kitovu huko Masaka, Mbale na Mbarara. Timu zake huzunguka shuleni, makanisani, misikitini na sokoni, mara nyingi zikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Uganda. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu, ushauri wangu ni uende kwenye benki yenyewe siku isiyo na msongamano. Kwenye hema la sokoni, foleni ikiwa ndefu, mhudumu hana nafasi ya kusoma daftari lako kwa utulivu.

Masharti ya kawaida ni umri wa miaka 17 hadi 60 na uzito usiopungua kilo 45 kwa wanawake na kilo 50 kwa wanaume. Mwanamume husubiri miezi 3 kabla ya kurudia, mwanamke miezi 4. Mwenye ugonjwa wa kinga, hata akiruhusiwa, afadhali avute muda zaidi. Mara mbili kwa mwaka inatosha.

Kula chakula cha kawaida asubuhi, kunywa maji ya kutosha. Ukiwa na homa, vidonda mdomoni, maungio yaliyovimba au uchovu usio wa kawaida, rudi nyumbani; ugonjwa unaweza kuwa umeanza kuwaka.

Fomu ya maswali mara nyingi iko kwa Kiingereza. Usiijaze kwa kubahatisha. Omba mtu akusomee kwa Kiswahili, na afadhali awe mhudumu badala ya jirani, ili siri yako ibaki siri. Kisha sema mwenyewe, kwa mdomo wako, hata kama fomu haina swali hilo: "Sista, nina baridi yabisi, ile ya kinga kujishambulia. Natumia methotreksati mara moja kwa wiki na prednisoloni kila siku. Barua ya daktari hii hapa. Naweza kutoa?" Maneno hayo machache yanampa karibu kila anachohitaji.

Akikataa, muulize ni kwa muda au moja kwa moja, na sababu ni ugonjwa au dawa. Andika jibu kwenye daftari. Kuna watu walioambiwa "rudi baada ya mwaka" wakasikia "usirudi tena".

Hatua ya sita: baada ya sindano kutoka

Kaa pale dakika kumi na tano, unywe soda na biskuti unazopewa. Siku hiyo usibebe magunia na usiendeshe boda safari ndefu. Wiki zinazofuata kula maharage, mboga ya dodo, nyama au maini ukipata, pamoja na chungwa au limau linalosaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya majani iache kwa saa moja kabla na baada ya mlo, maana inazuia chuma.

Ukipata homa siku chache baadaye, au ukikumbuka dawa uliyosahau kuitaja, piga simu au urudi kwenye benki ile ile na kadi yako. Chembe nyekundu huhifadhiwa wiki kadhaa, kwa hiyo bado kuna nafasi ya kuuondoa mfuko wako kabla haujatumika. Hakuna atakayekuadhibu kwa kusema.

Hatua ya saba: ukifikiria kutoa figo

Hapa mambo ni mazito zaidi, na nitasema wazi msimamo wangu: mwenye ugonjwa wa kinga unaoweza kugusa figo asitoe figo, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo, ikaanza kuwa sheria mwaka 2023. Desemba mwaka huo huo Hospitali ya Mulago ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, ikisaidiana na wataalamu kutoka India. Kabla ya hapo familia ziliuza mashamba kwenda India. Sheria inataka ridhaa ya kweli na inaharamisha biashara ya viungo. Yeyote anayekuahidi pesa, kazi ng'ambo au kiwanja kwa ajili ya figo yako anakuingiza kwenye kosa la jinai lenye adhabu kubwa.

Mtoaji hupimwa kwa wiki nyingi: kundi la damu, kulingana kwa tishu, shinikizo la damu, sukari, maambukizi, picha za mishipa ya figo, na uwezo wa figo kuchuja. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 inataka uchujaji wa mililita 90 kwa dakika au zaidi. Ukiwa chini ya 60, hapana. Albumini, aina ya protini, kwenye mkojo ikizidi miligramu 100 kwa siku, hapana pia. Mwenye kisukari aina ya kwanza hatakiwi kutoa. Mwenye lupasi hukataliwa karibu kila mahali, kwa sababu lupasi inaweza kuingia kwenye figo miaka mingi baadaye, na wakati huo hutakuwa na akiba.

Mwenye tezi iliyodhibitiwa au mbalanga anaweza kukubaliwa akipita vipimo vingine. Mwenye baridi yabisi ajiulize swali ambalo watu wachache huuliza: maumivu yangu nitayatuliza kwa nini baada ya hapo? Diklofenaki na ibuprofeni, dawa zinazouzwa kila duka, huumiza figo, na mwenye figo moja hushauriwa kuziepuka maisha yote. Ikiwa bila diklofenaki huwezi kufunga vifungo vya shati asubuhi, kutoa figo kutakuacha bila dawa unayoitegemea.

Kama mgonjwa anayehitaji figo ameharibiwa na lupasi, na wewe ni dada yake mwenye afya, waambie madaktari wakuchunguze wewe pia kuhusu lupasi kabla ya jambo lingine. Magonjwa haya hupenda kutembea kwenye ukoo. Uliza pia kuhusu jeni ya APOL1, ambayo aina zake mbili, zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, huongeza hatari ya figo kufa. Mwanamke ambaye bado anataka kuzaa aambiwe mapema kwamba mimba baada ya kutoa figo ina hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba.

Omba kuonana na daktari ukiwa peke yako, bila shangazi wala mjomba chumbani. Ukimwambia hutaki, anaweza kuwaambia ndugu kwamba hufai kitabibu, na hapo mambo yanaishia bila ugomvi. Una haki ya kubadili mawazo hadi dakika ya kuingia chumba cha upasuaji.

Viungo vingine, kwa ufupi

Mwenye homa ya ini inayotokana na kinga hatoi kipande cha ini. Uboho wa mifupa hautolewi na mwenye magonjwa haya, kwa kuwa chembe zake ndizo zinazozaa kinga, na kuna wapokeaji waliorithi ugonjwa wa tezi au kisukari kutoka kwa mtoaji. Kioo cha jicho ni tofauti: hakina mishipa ya damu, kwa hiyo magonjwa mengi ya kinga hayakizuii. Ukitaka viungo vyako vichukuliwe baada ya kifo, waambie mume au mke, watoto na kiongozi wako wa dini sasa hivi, na uyaandike. Familia iliyoko msibani haina nguvu ya kukisia ulichotaka.

Ukikataliwa

Watoaji wengi wa damu Uganda ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa rafu za benki hupungua, huku malaria, selimundu na akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua wakiendelea kufika hospitalini. Hapo ndipo pa kuweka nguvu zako. Andika majina ya watu wazima wenye afya kwenye ukoo wako, kanisani au kwenye kikundi cha kuweka akiba, pamoja na kundi la damu la kila mmoja na tarehe aliyotoa mwisho. Wapigie wiki ya kwanza ya likizo, mkakodi taxi moja kwenda benki ya kanda. Aliyejifungua karibuni, anayenyonyesha au aliyemaliza dawa ya malaria juzi mwache kwenye orodha ya safari inayofuata.